UZI: Msana (ukumbi mrefu) wa nyumba ya mawe, watu 14, kipindi kimoja cha vichekesho. Tupange vipi kila mtu aone, asikie na acheke pamoja?

Bint_Mkomani (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum jamaa wa Lamu, Malindi na kwengineko.

Nimeufungua uzi huu kwa jambo ninalolipenda sana: familia nzima kukaa mkeka mmoja usiku, ikaangalia kipindi cha vichekesho kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nyumba yenye vizazi vinne ambavyo bado vinakusanyika ni neema kubwa. Na vitu vinavyomchekesha bibi wa miaka 80 na mjukuu wa miaka 6 kwa wakati mmoja ni vichache, kwa hiyo hiki tulicho nacho nataka tukifanye vizuri.

Hali ilivyo: nyumba ya mawe, mtaa wa Mkomani, Lamu. Msana una upana wa mita 2.7 na urefu wa mita 6.5. Tivi ni ya inchi 43, imetundikwa juu, ukingo wake wa chini uko mita 1.6 kutoka sakafuni. Watu ni 14: watoto 4, vijana 4, watu wazima 4, bibi na babu.

Matatizo: wa nyuma hawaoni vizuri. Bibi husikia sauti lakini hapati maneno, kila mara huuliza "amesemaje huyo?" na jibu likifika mzaha umeshapita. Sauti inagonga kuta na kurudi. Antena hukatakata kipindi cha kusi. Na umeme ukizima, watu hutawanyika.

Naomba mwenye ujuzi atoe vipimo. "Inategemea" haitatusaidia.

---

Boriti_na_Chokaa

Wa aleikum salaam, dada. Nianze na chumba.

Upana huo wa mita 2.7 umetokana na boriti. Nyumba zetu za kale zina vyumba vyembamba na virefu kwa sababu boriti ya mkoko inalala ukuta hadi ukuta, na haivuki zaidi ya hapo bila kupinda. Kwa hiyo chumba chako kinataka watu wapangwe kwa urefu, tivi ikae kwenye ukuta mfupi. Ukiiweka ukuta mrefu, watu 7 wakikaa mstari mmoja wa mita 4.2 mbele yake, wa pembeni wataiangalia kwa ubavu, na tivi nyingi za LED hupauka rangi ukizitazama kwa ubavu.

Kila mtu anahitaji sentimita 60 za upana. Mstari wa watu 4 ni mita 2.4, na chumba kinakuachia sentimita 30 za kupita.

Mstari wa kwanza: watoto 4 juu ya mkeka, mita 1.5 kutoka tivi. Wa pili: vijana 4 juu ya mkeka, mita 2.4. Wa tatu: watu wazima 4 juu ya godoro la unene wa sentimita 15, mita 3.3. Nyuma kabisa viti viwili, kama mita 4.

Hilo godoro la sentimita 15 usilidharau. Mtu mzima akikaa sakafuni macho yake yako kama sentimita 78, na utosi wa aliye mbele yake uko sentimita 88. Wakikaa usawa mmoja, wa nyuma anaona nusu ya juu ya kioo tu. Godoro linampandisha macho hadi sentimita 93, anampita wa mbele. Watoto hawamzuii mtu, utosi wao uko kama sentimita 65.

Sasa tivi ishuke. Mita 1.6 ni kimo cha kutazama ukiwa umesimama. Aliyekaa chini shingo itamuuma kabla ya tangazo la kwanza. Ukingo wa chini uwe sentimita 80, na kioo kiinamishwe mbele kidogo sana kwa ajili ya watoto.

Na usiitundike tena. Ukuta wa matumbawe una chokaa laini juu, na jiwe lenyewe lina matundu. Plagi ya plastiki ya kawaida hushika chokaa tu, mwaka ukipita inang'oka pamoja na bamba la chokaa. Kama ni lazima, msumari uvuke chokaa na uingie ndani ya jiwe sentimita 6 hadi 8, na kekee itoboe bila kugonga, kwa sababu mtikisiko wa kugonga hulipasua tumbawe. Ukuta wenye vidaka (vishubaka vya ukutani) au nakshi za chokaa usiguswe kabisa. Mji wa kale wa Lamu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na kilichochongwa huko hakichongwi mara ya pili.

Tumia kasha la mbao. Kasha la kimo cha sentimita 55, juu yake kibao cha sentimita 20, na miguu ya tivi inakumalizia kilichobaki. Linapendeza na halihitaji kutoboa kitu.

---

Kijana_wa_Shela

Kiti cha enzi cha babu kikae wapi? Mgongo wa kiti ni mrefu na babu anapenda kukaa katikati.

---

Boriti_na_Chokaa

Katikati ya mstari wa nyuma kabisa, mgongo wa kiti uelekee mlangoni. Hapo hamzibi mtu, na heshima yake iko pale pale, maana anaiona familia yote mbele yake. Mkikiweka mstari wa tatu, waliopo nyuma yake wataangalia mbao.

Lakini inchi 43 kwa mita 4 ni ndogo. Nyuso zinaonekana, ila kule kukunja uso na kukonyeza jicho, ambako ndiko kunakobeba nusu ya kichekesho, kunapotea. Kama hamnunui ya inchi 55, bana mistari: mita 1.2, 2.0, 2.8 na viti mita 3.5.

---

Mwana_wa_Sauti

Hili la bibi ndilo lililoniingiza kwenye uzi. Tafadhalini msiongeze sauti tu. Mkiongeza sauti mnaongeza mvumo, naye mvumo anausikia tayari.

Sikio la mzee hupoteza kwanza sauti nyembamba za juu. Irabu a, o, u ni nene, anazipata. Konsonanti s, sh, f, t, ch ni nyembamba, zinamponyoka. Ndiyo maana anasema "nasikia lakini sielewi", na anasema kweli.

Angalieni hilo linavyoua kichekesho cha kwetu. Mzee Ojwang wa Vitimbi pale KBC, aliyeigizwa na marehemu Benson Wanjau aliyefariki 2015, mzaha wake mwingi ulikuwa katika kuongea Kiswahili kwa lafudhi ya Kijaluo. Dholuo haina sauti ya "sh", kwa hiyo "sh" inatoka kama "s". Mtu asiyepambanua s na sh hacheki hapo, kwa sababu kwake hakuna kilichobadilika. Vichekesho vyetu vingi vimejengwa juu ya lafudhi namna hii. Bibi akiikosa konsonanti amekosa mzaha wote.

Mpimeni hivi. Mtu akae ilipo tivi, bibi akae mahali pake, feni izimwe. Mtu huyo aseme kwa sauti ya kawaida: saba, shaba, sindano, shindano. Aseme bila mpangilio, huku amefunika mdomo kwa karatasi ili bibi asisome midomo. Akizipata zote kutoka kinywani mwa mtu na kuzikosa kwenye tivi, tatizo ni spika na mwangwi. Akizikosa hata kwa mtu, mpelekeni akapimwe masikio, na waanze kwa kuangalia nta. Nta iliyojaa huziba sikio na huondolewa kliniki. Msimchokonoe kwa kijiti cha pamba, kinaisukuma ndani zaidi.

Kwenye tivi fungua mpangilio wa sauti: besi ishuke hadi -4 au -5, sauti ya juu ipande +3. Kama kuna chaguo la sauti ya mazungumzo, liwashwe. Sauti ya kuzunguka izimwe, maana inayatawanya maneno. Kile kinachosawazisha kelele za matangazo kiwashwe, ili watu wasiikimbilie rimoti kila mara.

Kisha tazama chini ya tivi. Tivi nyembamba nyingi spika zake zinaelekea chini. Kile kitambaa cha kufuma kinachotandikwa juu ya kasha kinazinyonya zile sauti nyembamba kabla hazijatoka. Kitoe. Ubao mtupu unairudisha sauti kwa wasikilizaji. Ni kazi ya nusu dakika, na tofauti utaisikia pale pale.

Spika ya pembeni usiitie ndani ya kidaka, hata kama inaonekana kama kimejengwa kwa ajili yake. Kidaka ni kisanduku kitupu cha mawe, kinavumisha besi kama mtungi.

Mwangwi: kuta za chokaa, sakafu ngumu na dari ya juu zinarudisha kila neno. Mkeka peke yake haunyonyi mengi, ni mwembamba. Zulia zito chini, magodoro, mito, na pazia nzito la kitambaa kwenye ukuta wa nyuma, ule unaoitazama tivi. Pazia liwe na mikunjo, upana wake mara mbili ya ukuta, na liache sentimita 10 kati yake na ukuta. Na watu 14 wenyewe wananyonya sauti, kwa hiyo usipime chumba kikiwa kitupu ukakata tamaa.

---

Ukht_Maweni (Malindi)

Vipi spika ndogo ya Bluetooth, ikiwekwa karibu na bibi?

---

Mwana_wa_Sauti

Spika karibu naye, ndiyo. Bluetooth, hapana.

Bluetooth ya kawaida huchelewesha sauti kama sehemu ya kumi hadi sehemu mbili za kumi za sekunde. Spika ya tivi ikisema "nenda", ya bibi inasema "nenda" baadaye kidogo, na chumba chote kinasikia neno mara mbili. Midomo nayo haiendi sawa na maneno, na wazee wengi wanasoma midomo bila kujua kwamba wanaisoma.

Tumia waya. Tundu la spika za masikioni la milimita 3.5, waya mrefu wa kutosha, spika ndogo yenye umeme wake, nusu mita kutoka sikioni mwake. Shida moja: tivi nyingine zikichomekwa waya hapo zinajizima spika zake. Tafuta kwenye mpangilio kama inaruhusu zote mbili. Kama hairuhusu, chomeka kigawanyo cha matundu mawili, moja liende spika kubwa ya mbele, la pili liende kwa bibi.

---

FundiDishi_Malindi

Upande wa mawimbi niachieni mimi.

Matangazo ya bure ya dijitali Kenya ni ya DVB-T2, kwenye masafa ya UHF. Ukuta wa mawe wa nusu mita unayaua, kwa hiyo antena ya ndani msahau. Iwe nje, juu ya dari, na itazame zinakotazama antena za majirani wanaopata vizuri. Usiifunge kwenye nguzo za makuti. Makuti yanacheza na upepo, antena inageuka kidogo kidogo, na picha inaganda. Ifungwe kwenye ukuta wa kingo za dari, upande wa uani. Mbele ya nyumba kwa njia si mahali pake, huo ni uso wa mji.

Waya: RG6 ya omu 75, kipande kimoja bila kiungo. Kwenye masafa hayo unapoteza kama desibeli 4 kwa mita 20. Kigawanyo cha tivi mbili kinakula nyingine 3.5 hadi 4. Kama tivi ya pili haitumiki, toa kigawanyo kabla hujanunua kikuza mawimbi.

Kwenye king'amuzi kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Wengi wanaangalia nguvu, na hapo ndipo wanapokosea. Nguvu 90 na ubora 30 itaganda tu. Geuza antena kwa digrii chache, subiri sekunde 5, tazama ubora. Ukipita 60 na kutulia, kaza.

Sasa kwa nini inakatika wakati wa kusi. Upepo unabeba chumvi ya bahari, chumvi inavuta unyevu, unyevu unaingia kwenye kichwa cha waya. Fungua hicho kichwa: ukikuta waya wa katikati umekuwa kijani au mweusi, na wavu wa nje unavunjika kama majani makavu, umeshapata mgonjwa wako. Kusafisha hakusaidii, maana kutu inapanda ndani ya ganda. Kata sentimita 10 hadi 15 mpaka uone shaba inayong'aa, tia kichwa kipya cha kubana. Paka mafuta mazito ya silikoni kwenye nyuzi za kukazia, kaza kwa mkono kisha robo mzunguko kwa spana. Zungusha utepe wa mpira unaojishika wenyewe, uvute mpaka uwe mara mbili ya urefu wake, ukianzia chini kwenda juu ili maji yateleze juu ya mikunjo. Juu yake utepe mweusi wa kawaida, kwa ajili ya jua.

Kabla waya haujaingia nyumbani, uache uning'inie kama tumbo, sentimita 15. Maji yanadondokea hapo. Bila tumbo hilo yanafuata waya hadi kwenye king'amuzi.

Boliti ziwe za chuma kisichoshika kutu. Zile za kupakwa rangi ya fedha, misimu miwili kando ya bahari, zimekwisha.

Kwa wenye dishi: mvua kubwa ya masika ikikata picha kwa dakika chache na ikarudi, hiyo ni kawaida, matone yanameza mawimbi. Ikikata hata kwenye manyunyu, tazama kifuniko cha plastiki cha ile pua ya mbele. Jua hukipasua, na maji yameingia.

---

Bint_Mkomani

Maa shaa Allah, shukran. Kitambaa cha kufuma kimeshatolewa. Tivi inaharibiwa na nini zaidi huku pwani?

---

FundiDishi_Malindi

Mijusi, sisimizi na kukaa muda mrefu bila kuwashwa.

Mjusi anafuata joto, anaingia matundu ya nyuma, anagusa sehemu mbili za bodi ya umeme, na bodi inaungua naye. Funika matundu kwa kipande kimoja cha chandarua cha nailoni, kimoja tu, hewa ipite. Makombo ya kasha yafutwe kila usiku, sisimizi wanaanzia hapo.

Tivi isiyowashwa wiki tatu inakusanya unyevu na chumvi. Iwashwe angalau nusu saa kila siku mbili, joto lake lenyewe linaikausha. Na ikizimwa isifunikwe papo hapo. Ngoja dakika 20, la sivyo unafungia joto ndani.

---

Kusi_Sola

Umeme. Hesabu kwanza: tivi ya inchi 43 kama wati 75, king'amuzi 12, taa moja 9, feni 45. Jumla 141, tuseme 140.

Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200. Tumia nusu tu, ukiimaliza kila mara inakufa mapema. Inabaki 600, inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) inakula kama asilimia 15, unabaki na 510. Gawanya kwa 140: saa tatu na nusu. Vipindi vyote vya usiku huo na kahawa baadaye. Paneli ya wati 200 inairudisha kesho yake kukiwa na jua la saa 5.

Inverta iwe ya wimbi safi, ya wati 300 au zaidi. Ile ya bei nafuu inafanya feni ivume na spika iungurume, na mmeshahangaika sana na sauti hadi hapa. Waya kati ya betri na inverta uwe mfupi, usiozidi mita 1, wa milimita mraba 6, na fyuzi ya ampea 30 karibu na ncha ya betri. Betri ya asidi isikae msanani na watoto. Ikae uani, pakavu, penye hewa, maana inatoa gesi inayowaka.

Hata asiye na sola anunue kinga ya tivi yenye kuchelewesha. Tivi haziungui umeme unapokatika. Zinaungua unaporudi, maana unarudi ukiwa juu. Kinga inasubiri sekunde 30 hadi utulie.

---

Kijana_wa_Shela

Kwa nini tusipige projekta juu ya dari, kwenye shuka jeupe? Upepo mzuri, nyota juu.

---

Mwana_wa_Sauti

Kwa mpira, sawa. Kwa vichekesho, hapana. Nje hakuna ukuta wa kurudisha sauti hata kidogo, upepo unayabeba maneno, na mtu wa mita 4 anapata nusu. Shuka linapiga kama tanga wakati wa kaskazi, nyuso zinacheza. Na projekta ndogo zinazouzwa kwa bei nafuu hazina mwanga wa kutosha kabla giza halijaingia kabisa.

---

Mwalimu_Kiamu

Nami niongeze la kipindi chenyewe, maana tivi nzuri na kipindi kisichofaa ni kazi bure.

Wakati kwanza. Huku jua linazama kati ya saa 12:05 na saa 12:40 jioni kulingana na mwezi, na Isha inafuata baada ya saa moja na kidogo. Kikao kianze saa mbili na nusu usiku: watu wameshaswali, wameshakula, na hakuna atakayeinuka katikati. Kama kituo kinarusha kipindi saa nyingine, rekodini. Ving'amuzi vingi vya DVB-T2 vinarekodi kwenye flashi. Nusu saa ya picha ya kawaida ni kama megabaiti 700, ya picha kali kama gigabaiti 1.4. Flashi ya gigabaiti 32 inatosha mwezi kwa picha ya kawaida. Flashi nzito kuandika huacha mapengo kwenye picha, kwa hiyo jaribu dakika 10 kwanza. Vituo vya Kenya pia huweka vipindi vyao YouTube. Mkipakua mchana kwa ubora wa 480, bando linaokoka.

Faida kubwa ya kurekodi ni kwamba mtu mmoja anakitazama kwanza. Msana mmoja una mama mkwe, mkwe, baba na binti zake. Kuna maneno ambayo kila mmoja wao angeyacheka peke yake, na wakiwa pamoja yanawafanya wote watazame sakafu. Anayekagua aandike dakika na sekunde ya kuruka. Ni kazi ya dakika 25, mpeni mtu mzima mwenye busara, wala si kijana.

Kisha, chagueni kipindi ambacho msingi wake unaelezeka kwa sentensi moja. Papa Shirandula wa Citizen, aliyeigizwa na marehemu Charles Bukeko, ni mfano mzuri: bwana ni bawabu, lakini nyumbani anajifanya ana cheo kikubwa. Basi. Mtoto wa miaka 6 ameelewa, bibi ameelewa, na kila tukio linalofuata linasukuma siri ile ile karibu na mlango. Vioja Mahakamani nacho msingi wake ni mahakama, kila mtu anajua mshtakiwa anasimama wapi. Kipindi kinachohitaji ukumbuke kilichotokea wiki tatu nyuma kinawaacha wazee na watoto njiani.

Anayemweleza bibi afanye hivi: kabla ya kuanza, mambo mawili tu, nani ana siri na nani haijui. Wakati kipindi kinaendelea asimnong'oneze, maana akisikiliza mnong'ono anakosa mistari miwili inayofuata. Simamisheni kwenye pengo la tangazo, mrudie. Mkiwa mmerekodi, kusimamisha ni bure.

Mwisho wa kipindi waulizeni watoto swali moja: "Nani alijua nini, na lini?" Mtoto akiweza kulijibu, amekifuata kisa. Akishindwa, bibi amjibie. Mara nyingi bibi ameona kitu ambacho vijana hawakukiona.

---

Mpishi_wa_Langoni

Mmesahau vya kutafuna! Na chakula nacho kinaingia kwenye lile suala la sauti. Krispi za muhogo, bisi na njugu zikitafunwa na watu 14 hakuna atakayesikia "sh" yoyote. Vya kukwaruza viliwe kabla au wakati wa tangazo. Kipindi kikiendelea, vilaini: mkate wa sinia, mahamri, kaimati. Mabuyu msiwape watoto gizani, mbegu zinaishia ndani ya zulia.

Mkate wa sinia, kwa sinia moja la sentimita 24. Kwa watu 14 fanya mawili, kila moja linatoa vipande 8.

Mchele gramu 500, usiwe pishori wala wa kuchemshwa tayari. Loweka saa 6 hadi 8, umwage maji yote. Tui zito mililita 400, sukari gramu 180, hamira vijiko vidogo 2, iliki ya kusaga kijiko kidogo 1, ute wa yai moja.

Saga mchele na tui peke yake kwanza. Chota kidogo, usugue kati ya kidole gumba na cha shahada: ukihisi chenga kama mchanga wa ufukweni, bado. Chenga zinazama chini, na mkate unatoka na tabaka gumu chini na maji juu. Ukilainika kama maziwa ya mgando, tia sukari, iliki na hamira, saga nusu dakika. Funika dakika 45 hadi 60. Huku kwetu na joto hili usizidishe saa moja: ukipanda ukaanza kushuka wenyewe umechacha, na hautanyanyuka tena. Ute wa yai upigwe, utiwe mwisho, kwa mwiko.

Sinia lipakwe mafuta na lipashwe moto kabla ya kumimina. Unga ukigusa sinia baridi unashika chini. Moto mdogo chini hadi matundu yatokee juu na kingo zikauke, kama dakika 10. Kisha funika, makaa mengi yawe juu ya kifuniko na machache chini, dakika 20 hadi 25. Wenye oveni: digrii 180, dakika 35 hadi 40. Choma kijiti, kikitoka kikavu umeiva. Usiukate ukiwa moto, utabomoka. Upike kabla ya Magharibi, saa mbili na nusu utakuwa umetulia.

Wakubwa, kahawa tungu na tende. Dele la kahawa likae nyuma, karibu na viti, anayemimina asipite mbele ya kioo.

---

Bint_Mkomani

Allah awalipe kheri nyote. Limebaki moja. Waya wa spika ya bibi upite wapi, na yeye akae upande gani? Nimemuuliza, amesema sikio la kulia ndilo zima zaidi.

---

Mwana_wa_Sauti

Basi kiti chake kiwe mstari wa nyuma, upande wa kushoto mkiwa mnaitazama tivi, karibu na ukuta. Sikio la kulia litaelekea katikati ya chumba, apate na vicheko vya wajukuu. Spika ndogo ikae kulia kwake, kwenye kigoda, usawa wa bega.

Waya ufuate pembe ya ukuta wa kushoto na sakafu, ubanwe kwa utepe kila nusu mita. Usipite chini ya mkeka, watakanyaga hapo hapo kila usiku na utakatikia ndani. Ukifika kwenye kiti, acha nusu mita ya ziada, uizungushe mguu wa kigoda mara moja. Mtoto akikimbia akaunasa, kitasogea kigoda na tundu la tivi litabaki salama.

Na mjukuu mkubwa akae kulia kwake, amweleze kisa wakati wa tangazo.